Mihuri ya mgomba kwenye kanzu ya Baba

Kaagya, Jumamosi, Juni 1990

Mbavu bado zinaniuma kwa kucheka, na mchana nilidhani leo nafukuzwa nyumbani.

Kosa ni langu. Watoto wa marehemu kaka yangu walikuwa wanazubaa tu uani, nikawakatia vipande vya bua la mgomba, nikawakorogea udongo mwekundu, nikawaonyesha kugonga mihuri kwenye magazeti ya zamani. Nikaenda kuanika kahawa. Magazeti yakaisha. Wakahamia kwenye kamba ya nguo.

Kanzu ya Baba! Ile ya kuzikia, ambayo siku hizi haikai sandukuni. Mihuri myekundu kifua kizima, na utomvu wa mgomba nani asiyeujua, hautoki hata kwa sabuni gani. Niliiloweka, nikasugua.

Baba akatokea. Kemi, mdogo wao, hakungoja babu yake aulize.

"Tatenkuru, tumekutengenezea ya harusi. Hii yako kila siku ni ya kuzika."

Nikafumba macho. Baba hajacheka tangu tumzike kaka.

Akaivaa ikiwa bado mbichi, inachuruzika maji. Akajigeuza, akanyoosha mkono mmoja. "Mbona huu mmeuacha mweupe? Bibi harusi atanikubali hivi?"

Watoto wakamrukia na tope lao. Mimi nikakaa chini, nikacheka mpaka machozi.

Keshokutwa kuna mazishi Kagoma. Nilipomwambia aazime kanzu, alikataa.

"Nitakwenda na hii. Wakishangaa, nitawaambia nina wajukuu."