Taa Zetu za Gatwekera Zisizimwe

Akinyi mjukuu wangu,

Sasa huko? Sisi hapa Gatwekera tuko sawa. Mamako amepata kazi ya kufua huko mtaa wa Riruta Satellite, na mguu wangu umeacha kunisumbua. Zile taa za Krismasi ulizotuma, fundi amezifunga kwa mabati ya paa, na ile kamera uliyotuma nazo iko juu ya mlango. Ukiziwasha kwa simu kutoka huko mbali, watoto wa ploti wanapiga nduru na kukupungia mkono.

Umeniuliza kama uzizime, kwa sababu uliona kwa kamera vile landilodi, mwenye hii ploti tunayopanga, alinifokea, eti mapambo si ya wapangaji.

Nilipokuwa msichana tulipanga chumba mtaa wa Kawangware. Krismasi ikikaribia, mama alianza kuchora maua ukutani nje kwa udongo mweupe. Mwenye ploti akaja mbio.

"Nyumba si yako!"

"Lakini Krismasi ni yangu," mama akamjibu, akaendelea kuchora hadi mlangoni.

Januari tulifukuzwa. Tukibeba godoro, nilidhani mama atalia. Aligeuka, akaangalia ule ukuta wake, akacheka kwa sauti hadi mwenye ploti akafunga dirisha. Sijawahi kumwona mama akiwa mkubwa vile.

Kwa hivyo usizime. Huyu landilodi akitufukuza, tutahama kamera ikiwa inaonyesha, umwone vizuri tukimcheka. Leo jioni washa zote, hata zile nyekundu zinazocheza.

Ni mimi nyanya yako, na bado niko hapa.