Benchi la Nje ya Mahakama

Mdogo wangu Thaddeus,

Mti wako wa pekani umezaa kokwa mpaka matawi yanainama. Mbwa wako amezeeka, lakini bado anambwekea mleta barua.

Jana alikuja wakili wako mpya, binti mdogo kutoka Atlanta. Akaniuliza, "Bi Ernestine, lile duka lilipovunjwa Thaddeus alikuwa wapi?"

"Jikoni kwangu," nikamjibu, "ananitengenezea jiko, masizi yamemjaa puani."

"Mbona hukusema mahakamani?"

Nikamweleza yaliyotokea. Bwana Pruitt, yule wakili uliyepewa na serikali, aliniambia, "Shahidi haingii mpaka aitwe. Kaa hapo nje, mama, nitakuita." Nikakaa siku mbili kwenye benchi na kofia yangu ya kanisani. Aliporudi kutoka kula, akinuka pombe, nilimkumbusha. "Usinifundishe kazi!" akafoka. Siku ya pili alasiri akatoka askari wa mlangoni. "Bado upo, mama? Mbona ameshahukumiwa!"

Binti anasema uzembe wa Pruitt unatosha kuomba kesi isikilizwe upya. Anasema kosa si langu. Huenda. Ila miaka kumi na mmoja sasa, tangu ufungwe, nauona mlango ule, Thaddeus. Haukuwa na kufuli. Ningeusukuma kwa mkono mmoja tu, nikaingia.

Safari hii sisubiri kuitwa.

Dada yako aliyechelewa kusimama,
Ernestine