Ukinikosa Kwenye Kioo

Budalang'i
Jumatatu, 3 Februari 2025

Baba yangu,

Natumai umeamka na nguvu, na shangazi Alaso pia, na yule jogoo wake mkorofi. Mimi niko sawa, isipokuwa mbu wa huku, ambao nadhani wameenda chuo. Mto bado uko mahali pake.

Nimekupigia simu hushiki. Nimekuandikia meseji hujibu. Shangazi anasema simu yako imeharibika kioo. Basi barua hii nampa dereva wa gari la samaki linalokuja Malaba kila Alhamisi, na wewe mpe jibu. Tafadhali, usininyamazie.

Nina shida. Leo Gredi ya Nane wameniaibisha. Tulikuwa na maneno ya Kiingereza yanayokaribiana: lead, guide, direct, steer, escort. Msichana mmoja, Sumaiya, akasimama: "Mwalimu, si yote ni kuongoza tu?" Nikafungua kamusi mbele yao. Guide, inasema, ni lead. Naenda kwa lead, inasema ni guide! Darasa lote likacheka, na mimi nikacheka kile kicheko cha mtu aliyeshikwa. Tarehe ishirini mkaguzi anakuja kunitazama nikifundisha somo hilo hilo, na yeye ndiye ataamua kama naandikwa kazi au narudi nyumbani.

Wewe umeongoza malori yakirudi nyuma kwenye yadi kwa miaka ishirini na sita. Lazima unajua tofauti. Niambie kwa maneno yako.

Binti yako,
Akurut


Malaba
Alhamisi, 13 Februari 2025

Akurut, mama,

Nilikupa jina la mama yangu, na sasa unanisumbua kama yeye. Salamu zimefika. Mimi niko imara. Alaso ako sawa. Jogoo alizidi kelele, tumemla. Mambo ya simu wachana nayo.

Hiyo kamusi ifungie mboga. Mwenye aliandika hajawahi kusimama nyuma ya trela.

Escort naijua. Ni wale polisi wanakuja na mzigo mpana, taa inazunguka, kila mtu anakimbilia kando. Lakini dereva akiwauliza njia hawajui, wao wametumwa wafike naye tu. Direct ni askari wa pale makutano. Amesimama mahali pamoja, wewe kule, wewe huku. Ukishampita hakujui, hata ukienda kulala kwa mtaro. Steer ni ya mwenye usukani. Miaka yote hii mimi sijashika usukani wa mtu, na ukiona mtu wa yadi amepanda kwa kabini kumshikia dereva usukani, huyo fukuza. Lead, sasa hiyo namkumbuka mama, tukitoka soko ya Amagoro na mvua. Yeye mbele, matope inamshika yeye kwanza, sisi tunakanyaga pale amekanyaga.

Guide ndiyo yangu. Dereva ananishinda kuendesha. Gari ni yake, nguvu ni yake. Kitu moja tu hana, haoni nyuma. Mimi namuonea. Ndio maana kila dereva mgeni, kabla aweke gia, namwambia sheria: ukiniona kwenye kioo, fuata mkono wangu. Ukinikosa kwenye kioo, simama. Hata kama unasikia sauti yangu inasema lete, lete, wewe simama.

Jana nimeingiza trela ya ngano kwa nafasi ndogo kama kitanda, mkono wangu kwa bodi mpaka mwisho. Ukuta haikuguswa. Waambie hao watoto.

Baba yako,
Ejoku


Budalang'i
Ijumaa, 21 Februari 2025

Baba,

Habari za hapo? Huku tuko salama, na nina furaha ya kukuletea, halafu nina jambo.

Furaha kwanza. Niliwatoa darasani. Tukasukuma meza kinyumenyume uwanjani, Sumaiya nyuma akipunga mikono, "Lete, lete, kata, nyoosha, simama!" Mwingine akawa askari wa makutano, mwingine escort akilia king'ora kwa mdomo. Mkaguzi alicheka mpaka akatoa miwani. Nimeandikwa kazi, baba! Ni wewe.

Sasa jambo. Nimesoma barua yako mara nyingi na kuna mahali inanikwaruza. Mkono wako kwa bodi.

Mimi nimekulia kwenye hiyo yadi. Nilikuwa nakaa juu ya tairi kuukuu nakutazama. Ulikuwa unasimama hatua kumi nyuma, uone lori lote, na ukuta, na miguu ya watu. Mtu akigusa bodi ulikuwa unamfokea, "Unapapasa nini, ni ng'ombe unanunua?" Kwa nini leo unapapasa wewe?

Na mwandiko wako. Herufi zimekuwa kubwa kama za bango, mistari inapanda mlima. Halafu Krismasi ulimimina chai kando ya kikombe ukasema meza ndiyo mbovu. Nilicheka. Aki baba, nilicheka na wewe ulikuwa huoni.

Sema ukweli. Macho yako yakoje? Kuna kliniki ya macho Busia kila Ijumaa. Naomba uache yadi mpaka wakupime. Nitaomba ruhusa nije.

Binti yako anayekuogopea,
Akurut


Malaba
Alhamisi, 27 Februari 2025

Akurut,

Niko mzima. Alaso mzima.

Ni nani amekuuliza habari ya macho yangu? Nimekupa maneno ukafundishe watoto, sasa umegeuka unanifundisha mimi. Wewe nilikushika mkono kuvuka hii barabara ukiwa na meno mbili. Leo unataka kupanda kwa kabini yangu unishikie usukani.

Miaka ishirini na sita, hakuna mtu ameumia mikononi mwangu. Hakuna hata kuku. Nikitoka hapo kwa yadi mimi ni nani? Mzee wa kukaa kwa benchi akisikiliza lori za watu wengine?

Usikuje.

Ejoku


Budalang'i
Jumatatu, 24 Machi 2025

Baba,

Hujambo? Nauliza na sijui nani atajibu. Hii ni ya tatu tangu uninyamazie. Dereva wa samaki anasema anaziacha kwa mlinzi wa geti, na wiki mbili sasa mlinzi anamwambia hujaonekana yadini. Simu ya shangazi haipatikani.

Kama umekasirika, kasirika, lakini niandikie umekasirika. Huku mvua imeanza kweli na mto unapanda, watu wanahamisha magodoro, na mimi niko darasani nasikia gari lolote likirudi nyuma naacha kuandika ubao. Sili vizuri. Nilikosea kukuambia kwa ukali. Sikukosea kukuambia.

Binti yako,
Akurut


Malaba
Alhamisi, 3 Aprili 2025

Akurut, mama,

Mkono ni wa Alaso, maneno ni yangu. Barua zako tatu amezitoa kwa mlinzi jana, akanisomea zote kwa mpigo, na nimezistahili. Sisi wote tuko hai. Nataka uanze na hilo neno, tuko hai.

Ilikuwa Jumanne ya tarehe kumi na moja mwezi wa tatu. Dereva mgeni, Jamiru, kijana wa Mbale, ana trela ndefu. Nikampa sheria yangu kama kawaida. Ukinikosa kwenye kioo, simama. Akasema sawa mzee.

Tukaanza. Kutoka mbali nilikuwa naona tu weupe, kama mtu amepaka maziwa kwa kioo. Nikasogea. Nikasogea tena mpaka mkono ukagusa bodi, na hapo nikajiona mjanja. Nikaita, lete, lete, iko nafasi, lete. Gari ikasimama. Nikamtukana. Lete! Jamiru akazima injini kabisa, akashuka, akaniambia, "Mzee, sikukuona kwenye kioo."

Alaso alikuwa nyuma ya trela. Alikuwa ameniletea chai. Ameinama anaokota kifuniko ya chupa, na kati ya mgongo wake na chuma ilikuwa nafasi ya mkono mmoja.

(Mimi Alaso nasema ilikuwa chini ya mkono. Na chai ilimwagika yote. Simu pia ilianguka hapo ikakanyagwa, ndiyo maana hunipati.)

Jamiru angenisikiza, angemuua dada yangu. Hiyo ndiyo silali nayo. Ile sheria nilimfundisha ndiyo ilimkataza kunisikiza.

Nilivua ile koti ya kung'aa hapo hapo, nikampa mlinzi. Wiki tatu nimekaa ndani sitaki kuona mtu. Nimeogopa, Akurut. Ijumaa iliyopita Alaso alinipeleka kliniki, wakasema ni presha ya macho. Kile kimeenda hakirudi. Kile kimebaki, dawa inaweza kukishika. Jicho la kushoto limekwisha zamani na nilijua. Nilijua tangu mwaka juzi. Nisamehe.

Alaso ananivuta mkono kama mbuzi wa kwenda sokoni.

(Si kweli. Anakataa kutembea.)

Ijumaa ya wiki ijayo lazima nirudi Busia. Shule si itakuwa imefungwa? Njoo. Nakuomba sasa mimi mwenyewe. Lakini usinivute, na usitembee nyuma ukinisukuma. Wewe tangulia nusu hatua, mimi nitashika kiwiko chako. Kutembea bado najua.

Baba yako,
Ejoku


Budalang'i
Jumanne, 8 Aprili 2025

Baba yangu,

Shangazi, ukimsomea hii, soma pole pole na usiongeze yako.

Mko hai. Nimelisoma hilo neno nikakaa chini kwenye mlango wa nyumba na nikalia mpaka jirani akaja na maji. Hakuna cha kusamehe. Nina hasira bado, tutaimaliza tukiwa pamoja. Mwambie Jamiru, akipita tena, kwamba kuna mwalimu Budalang'i anayemwombea kwa jina.

Nimefanya mazoezi. Nilijifunga leso machoni, nikamshika kiwiko mwalimu mwenzangu, Mathews, tukazunguka uwanja. Alikuwa ananivuta. Nilijikwaa mara mbili, nikamtukana kwa Kiteso. Kisha tukabadilishana, na nikaona jinsi ilivyo vigumu kumwacha mtu atembee mwenyewe huku ukiona shimo analoliendea. Mikono yangu ilitaka kumbeba. Sasa naelewa miaka yako ishirini na sita, na naelewa kwa nini hukutaka kuiacha.

Nafika Alhamisi jioni na gari la samaki, nitanuka, mnivumilie. Ijumaa asubuhi tunatoka mimi na wewe. Nitatangulia nusu hatua. Kukiwa na mtaro nitasema, kata. Njia ikiwa safi nitasema, lete, lete. Nikisema simama, simama.

Na baba, siku moja mimi nitachoka, au nitakuwa nawaza mambo yangu, na nitakupoteza bila kujua. Siku hiyo nitakuwa bado naita lete. Ukikikosa kiwiko changu mkononi mwako, usinisikize. Simama hapo ulipo, mimi nitarudi.

Binti yako,
Akurut