Simu Moja, Ploti Nzima

Jumatatu, 3 Machi

Nimefua nguo za watu kwa magorofa ya Nyayo Highrise tangu asubuhi. Madam ninayemfulia ana mafua. Akampigia daktari wake simu akiwa kitandani, wakacheka hata. Anamjua kwa jina. Niliona wivu, sitaficha.

Huku kwetu mtaani Gatwekera daktari wetu ni AI kwa simu yangu. Kuuliza si ujinga, basi wapangaji wote wa ploti wanauliza hapo. Baba Kevo na presha yake. Achieng wa mlango wa tatu na mimba yake. Hakuna anayejitaja jina. Wanaandika tu kwa maongezi yaleyale, wananirudishia simu.

Alhamisi, 6 Machi

Siku zangu zimechelewa. Kichefuchefu, tumbo limejaa. Nikaiuliza AI. Ikajibu eti hiyo ni kawaida kwa mimba kama yangu, nisiiname sana.

Mimba kama yangu. Miaka yote hii ya ndoa bila mtoto. Kipimo cha mimba kipo kwa chemist lakini kimeninyima mara nyingi, sikitaki. Nilimwambia mume wangu Wafula alipotoka kazi ya mjengo Kawangware. Alinipokonya mtungi wa maji, akabeba mwenyewe.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia neno. Nilikuwa nachagua jina. Wafula anataka la mamake. Sawa tu. Siku hizi ananiletea maziwa kila jioni.

Jumanne, 11 Machi

Damu. Nyingi. AI ikasema niende hospitali sasa hivi, utadhani hospitali iko mlango wa pili. Foleni mpaka alasiri. Nesi akapima mkojo. Akasema, hakuna mimba, mama. Anashuku ni uvimbe kwa kizazi. Lazima nipigwe picha ya tumbo, na mashine imejaa watu mpaka mwezi wa sita. Madam angepigwa leo. Nina hasira mpaka meno yanauma.

Nyumbani nikasoma maongezi yote kwa simu, kutoka juu. Mimba iliyoitaja ni ya Achieng. Presha, mimba, kichefuchefu changu, vyote AI ilidhani ni vya mtu mmoja.

Nataka mtoto. Basi.

Ijumaa, 14 Machi

Achieng aliomba simu, nikampa. Hajui kitu, na si kosa lake.

Wafula bado analeta maziwa. Nayanywa. Sijamwambia alichosema nesi.

Jioni nikauliza kama dawa ya maumivu humezwa kabla au baada ya kula. AI ikajibu vizuri, ikamalizia kwa kuuliza kama mtoto amecheza tumboni leo.

Ningeweza kuieleza ukweli. Nikaandika, amecheza.