Kitako cha Kiondo Changu

Jumatano, 6 Machi 1985

Leo Tawa imejua mimi ni nani! Mnunuzi wetu wa ng'ambo amekuja mwenyewe, mzungu mrefu, pamoja na Mathenge, yule ajenti wa Nairobi ambaye hutuletea lori. Na nani alikuwa anatafsiri? Binti yangu Nzilani! Amemaliza Form Six juzi tu, Kiingereza kinatiririka, hata Mathenge alinyamaza.

Mzungu anauliza maswali kama daktari. Mwaka jana kwa ule ukame mkonge ulikauka, vyondo vikachelewa — je, mwaka huu? Mto ukifurika lori litapita wapi? Na huyu mama akiugua? Hapo nikacheka. Nikamwambia Nzilani, mweleze vizuri: vyondo vyote vya kikundi chetu cha akina mama, kitako naanza mimi. Wenzangu wanaendeleza juu tu. Hakuna mwingine! Hata uzi mmoja pale katikati unarudi nyuma, kwa sababu marehemu mama alikuwa na kidole kibovu, nami nikajifunza hivyo hivyo. Ukiona uzi huo, umeniona mimi.

Aliandika yote. Kichwa anatikisa tu. Kalondu, katibu wetu, alinifinya mgongoni. Wivu!

Jumapili, 17 Machi

Furaha imeninyima usingizi. Mathenge amerudi: mnunuzi anamtaka Nzilani aende Asia miezi minne, kuonyesha kazi ya mikono. Ndege! Mtoto wa hapa Tawa! Nimetoa ushuhuda kanisani mpaka pasta akakohoa.

Nzilani mwenyewe hakufurahi vile. Aliniuliza, "Mwaitu, mama yangu, naenda kuonyesha akina nani?" Nikamwambia asinitie aibu na maswali.

Shida ni moja tu. Msichana wa vitabu — kitako hajui.

Alhamisi, 28 Machi

Amejua! Vidole vyepesi kama vyangu. Nilitaka kumnyooshea ule uzi unaorudi, huko ugenini wasimcheke. Akakataa. Eti huo ndio wetu, ataenda nao.

Jumamosi, 22 Juni

Lori halijaonekana tangu Pasaka. Vyondo vimejaa stoo ya kanisa, vimefika dirishani. Panya wameanza.

Nimempigia Mathenge kutoka posta. Eti, mama, vumilia, ni mambo ya meli. Meli gani? Vyetu havijapanda hata lori!

Kalondu anasema kwa sauti ya chini — ile ya kusudi nisikie — kwamba mtu fulani aliongea sana mbele ya wageni. Mtoto wake amewahi kupanda nini? Punda.

Jumanne, 9 Julai

Picha ya Nzilani! Ukumbi mrefu, taa zinawaka mchana. Amesimama mbele kama headmistress, na gauni la kitenge nililomshonea. Nyuma yake wasichana, safu kwa safu, mwisho wao hauonekani. Nimezunguka soko lote nayo, hata kwa mwenye bucha.

Kalondu aliishika muda mrefu.

"Na hawa wameweka nini mapajani?"

"Vitambaa. Si wanashona?"

Jioni nimeiangalia tena na miwani. Ni ndogo mno.

Jumatatu, 5 Agosti

Lori limekuja, mpaka uani kwangu! Tulipiga vigelegele. Mathenge hakuzima hata injini. Amechukua vyondo vichache, vya juu juu. Mnunuzi, alisema, hawezi tena kutegemea mahali pamoja — leo ukame, kesho barabara, kesho kutwa mama mmoja anaugua na kazi yote inalala. Amepata kwingine. Sisi sasa ni wa akiba. Huko kukiharibika, atatukumbuka.

"Kwa hivyo tumekuwa tairi ya spea?" Kalondu akamuuliza.

Mathenge alicheka, halafu akaacha.

Ametuachia kiondo kimoja cha mfano na furushi la nyuzi za huko, tujaribu kufuata. Kizuri, siwezi kudanganya. Kimenyooka kama kimechorwa. Nimekinusa — hakina harufu ya mkonge, hakina harufu yoyote. Nikakipindua.

Ule uzi. Pale katikati. Unarudi nyuma.

Wote wameuona. Watakosaje, na miaka yote hii mimi mwenyewe ndiye nimewaimbia?

"Mama Nzilani," Kalondu akasema polepole, "hiki kimeanzwa na nani?"

Nzilani anafika Jumamosi. Hawa hawa wamemchangia mbuzi. Nyimbo za kumpokea wamezifanyia mazoezi.

"Na mimi," nikasema. "Mathenge aliniletea nyuzi hizo siku nyingi. Nikamjaribia."

Mathenge mwenyewe hayupo, lori lilikuwa limeshapotelea kule kona. Halafu Kalondu akatandika mkeka katikati ya ua, akafungua lile furushi, akaniwekea nyuzi mbele yangu. Nimeshika moja. Inateleza kama mkia wa mjusi, haikubali kukaa mahali unapoiweka.

"Basi tuanzie kingine. Hivi hivi. Sisi tunatazama."

Nimewaambia naenda kuchukua miwani. Naandika hapa kitandani, mwandiko wenyewe hausomeki. Wako nje. Wanawake kumi na wanne na hakuna anayeongea — hawa, ambao hata kwa matanga hawanyamazi!

Kalondu anaita. Eti, nimeipata?

Miwani iko puani tangu asubuhi.