Kidege Kinachofanya Kazi Yako

Baba Mwanasha,

Sasa hivi mwanao ametoka mbio na kiatu kimoja. Kule kwenye nyumba za wageni kuna harusi, na kile kidege cha kupiga picha kinavuma hewani. Amesimama uani anakipungia mkono. "Baba! Shuka! Uji uko tayari!"

Mimi niko kizingitini na kalamu. Sijamkataza.

Aliyeyaanzisha haya ni Kombo, mwenzako wa kikosi cha mizinga. Alikuja wiki iliyopita kutupa pole, akaketi barazani na mavyaa, mamako, nami nikamsikiliza nyuma ya pazia kwa kuwa nilikuwa nakaa eda. Akasema mizinga ni ile ile ya zamani, lakini wameifungia kompyuta. Hakuna tena mtu wa kupanda kilimani na darubini kutazama kombora limeanguka wapi. Droni ndiyo inayotazama, kompyuta inapiga hesabu. "Shemeji," akasema, "hatutazika mwingine kama yeye." Kisha akamwonyesha Mwanasha picha ya droni kwenye simu: "Hiki ndicho kinachofanya kazi ya babako sasa."

Nikasema alhamdulillahi. Sikulia. Niliyatazama maua ya pazia. Mitambo hiyo imekuja miezi miwili baada yako, na mimi natazama maua.

Wajua ninachokumbuka? Ukija likizo, nikikukuna mgongo, ulikuwa ukiniongoza kama unavyowaongoza wenzako kwenye redio. "Kulia kidogo. Ongeza mbele. Hapo hapo, piga!" Tunacheka mpaka mavyaa anakohoa chumbani kwake. Siku ile ya mazoezi kombora lilianguka kabla ya kufika shabaha, likakukuta kilimani pako. Sijui kama uliwahi kusema lolote kwenye redio.

Leo nimetoka eda. Mavyaa amenikogesha asubuhi, nimejifunga leso mpya. Muda wote huu nimemwambia mtoto baba yuko kazini. Nilisema moyoni, nikitoka nitamwambia. Basi nimetoka.

Kile kidege sikichukii. Kama kitamrudisha mume wa mwenzangu nyumbani mzima, na kiruke. Lakini mwanao hatakua akikiita baba. Hilo nakuahidi, na ni leo hii, kabla uji haujapoa. Pumzika, mume wangu, Mungu akuweke mahali pema. Nitampakata, nimwambie babake hayuko kule juu, wala hayuko kazini, babake ali

Ananiita. "Mama, njoo mbio! Baba anaondoka!"