Majong Kupitia Kitenge

Mama Tumaini, mkwe wangu,

Ujumbe wako umenifikia kama zinavyonifikia habari zako zote, kupitia kwa mama mkwe wako. Umepata mchumba, fundi seremala wa Mafinga, na unauliza kama sisi huku Uyole tutaumia ukiolewa. Nitakujibu, ila nivumilie kidogo. Mwalimu hata akistaafu hajibu swali bila kueleza. Naandika wazi ili na wakwe wengine wa kwetu wasome, na pia kwa sababu katika miaka yote ya ndoa yako sikuwahi kukuambia neno moja bila kumpitia mtu.

Wewe ni Mhehe wa Ipogolo, hukukua na mila hii. Kwetu Wanyakyusa, kwa walioshika mila ya zamani, mke wa mtoto na baba mkwe hawatazamani, hawali pamoja, hawapeani kitu mkononi. Si chuki, ni heshima. Uliipokea bila kunung'unika. Ulikuwa ukisikia kikohozi changu uani, unaingia jikoni.

Kisha mume wako, mwanangu, aliyefanya kazi na Wachina wa barabara, akarudi na sanduku la majong, mchezo wao wa vigae. Akatumwagia vigae mezani Jumapili baada ya ibada, akasema mchezo unataka watu wanne.

"Basi kamwite jirani," nikamwambia.

"Baba, jirani wa nini na mke wangu yupo?"

Mama mkwe wako ndiye aliyepata dawa. Aliisogeza meza mlangoni, nusu sebuleni na nusu kwenye korido, akatundika kitenge juu ya mlango, pindo lake likigusa meza. Wewe ukakaa koridoni. Ulipotupa kigae, vidole vyako vilipita chini ya pindo, vikarudi. Vidole hivyo ndivyo nilivyovijua.

Majong ni mchezo wa subira. Kila mchezaji anaokota kigae kimoja na kutupa kimoja, akijenga mafungu ya vitatu vitatu na jozi moja. Anayetimiza kwanza ameshinda. Alichotupa mwenzako, kikikufaa, unaweza kukidai. Mimi nilitaka mkono mzuri, yaani vigae vyangu vyote viwe vya aina moja, vyenye alama ya mianzi. Wewe ulijenga mafungu ya kawaida, haraka haraka, na sauti yako ikatoka nyuma ya kitenge: "Nimemaliza."

"Mzee anajenga ghorofa," mama mkwe wako alikuwa akinicheka, "wenzake washahamia kwenye vibanda."

Taratibu nilijifunza. Nilijifunza kusoma vilivyotupwa, kuuacha mkono mzuri usiokuja, kutoonyesha furaha kabla ya wakati. Nikaanza kushinda. Lakini kulikuwa na kanuni ambayo Wachina hawaijui: sikuweza kuchukua kigae kilichotoka mkononi mwako. Mama mkwe wako alipaswa kukishika kwanza, na mwanangu hakuwa na huruma. Kabla mama yake hajanyoosha mkono, yeye ameshaokota cha kwake na mchezo umesonga.

Unaikumbuka ile Jumapili ya mvua? Mianzi yangu ilikuwa imekaribia kutimia, nangoja kigae kimoja. Vidole vyako vikakileta. Nikakitazama kama mtu anayetazama basi lake likiondoka. Mwanangu akaokota cha kwake.

Wewe ulijua. Sijui ulijuaje, na kitenge kilikuwa katikati yetu. Ukasema taratibu, "Mama, mwambie Baba kile kilikuwa chake."

"Mwambie mwenyewe," mama mkwe wako akajibu.

Mvua tu juu ya bati. Ulikuwa unangoja, na mimi nilikuwa nangoja, na hakuna aliyesema.

Mila yetu ina mlango wake. Baba mkwe akiridhika, humpa mkwe wake zawadi mbele ya watu, na kuanzia hapo wanaweza kusalimiana kama watu wa nyumba moja. Jioni ile nilimwambia mama mkwe wako kwamba tukishavuna viazi nitakupa mbuzi. Viazi vilivunwa mwanangu akiwa wodini. Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Msibani ulipita mbele yangu umejifunika khanga, nikainamisha kichwa kama inavyotakiwa. Baada ya arobaini ukarudi Ipogolo na mtoto, na hapa tumebaki wawili, tusiotosha hata mchezo mmoja.

Sasa jibu. Olewa, mwanangu. Tumaini akae nawe. Nimeshawaambia ndugu wa ukoo, waliobisha wamebishana na mimi. Kuumia tutaumia, lakini hilo ni letu, lisikuzuie.

Kuna jambo moja ambalo wazee wenzangu hawakunieleza, nami naliona leo. Ukishaolewa hutakuwa tena mkwe wangu. Hakuna atakayenizuia kukutazama usoni na kupokea chai mkononi mwako. Mila itanifungulia mlango siku ambayo hutakuwa wetu tena.

Harusi ikipita, nitapanda basi nije Mafinga kukusalimu. Nikibisha hodi, tafadhali usimtume mtu kufungua. Njoo wewe, na uanze wewe kuzungumza, maana kwa sura sina hakika kama nitakutambua.

Wako kwa siku chache zilizobaki,
Baba mkwe